Novemba 1917: Mwezi wa Mizigo na Habari

Mwenyekiti, walimu, wanafunzi, na ninyi mliopitiliza hapa kutoka kazini, asanteni kwa kuja.

Tuanzie Jumapili moja, tarehe 25 Novemba 1917. Asubuhi ile, kabla ya saa mbili, zepelini ya Kijerumani, yaani meli ya angani inayoelea kwa gesi, yenye urefu wa mita 226 ilitua Yambol, Bulgaria, baada ya kukaa angani saa 95 bila kugusa ardhi. Safari yake ilikuwa ya kuja kwetu, Umakonde, na ilirudi bila kuufikisha mzigo iliotumwa kuuleta. Siku hiyohiyo Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki aliyekusudiwa mzigo ule, alivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji. Na siku hiyohiyo, huko Urusi, mamilioni ya watu walianza kupiga kura ya kuchagua Bunge la Katiba, wiki mbili na nusu baada ya serikali yao kupinduliwa.

Matukio hayo matatu hufundishwa kila moja peke yake: moja katika historia ya usafiri wa anga, moja katika vita vya Afrika Mashariki, moja katika Mapinduzi ya Urusi. Leo nataka tuyaweke kwenye mizani moja, mizani ya mzigo. Mwezi ule, tangu Petrograd hadi Newala, mambo mengi yaliamuliwa na swali dogo: nani anaweza kufikisha mkate, maji, risasi au habari pale vinapotakiwa, kabla havijaisha njiani? Majenerali wana vitabu vyao vya kutosha. Sisi tufuate mizigo.

Kwanza tarehe, maana hapa ndipo wengi hukwama. Urusi ya wakati ule ilifuata kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma ya kalenda yetu kwa siku 13. Ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba yalitokea Novemba: tarehe 25 Oktoba ya Petrograd ilikuwa tarehe 7 Novemba ya London na ya Dar es Salaam. Wabolsheviki wenyewe, yaani chama cha Lenin kilichofanya mapinduzi hayo, walibadili kalenda mwaka uliofuata; Warusi walilala tarehe 31 Januari 1918, wakaamka tarehe 14 Februari. Nitatumia kalenda yetu.

Petrograd, basi. Mji ulikuwa na njaa. Mgao wa mkate ulikuwa umeshuka hadi nusu ratili ya Kirusi kwa mtu kwa siku, kama gramu 200, na ilibidi kuupangia foleni alfajiri kwenye baridi. Nafaka haikukosekana Urusi yote. Tatizo lilikuwa reli. Miaka mitatu ya vita ilikuwa imechosha injini na mabehewa, na kilichokuwa kikitembea kilihudumia kwanza majeshi. Kwa hiyo mji mkuu wa nchi inayolima ngano ulikuwa ukila kwa siku chache za mbele tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 7, Kamati ya Kijeshi ya Mapinduzi, iliyoongozwa na Wabolsheviki, haikuanza na ikulu. Ilianza na madaraja ya Mto Neva, vituo vya reli, posta, ofisi ya telegrafu, Benki ya Taifa, na asubuhi ikamalizia na kituo cha simu. Tazameni orodha hiyo vizuri: kila kitu ndani yake ni njia ya kupitishia kitu kingine. Jumba la Majira ya Baridi, walimokaa mawaziri, lilikatiwa simu isipokuwa laini chache. Asubuhi Waziri Mkuu Kerensky akaondoka kwa gari kwenda kutafuta wanajeshi waaminifu nje ya mji. Asipatikane mtu wa kumtilia maanani! Aliyeshika ofisi ya telegrafu alikuwa ameshatangaza kwamba Kerensky si serikali tena, na tangazo hilo lilirushwa na redio ya manowari Aurora, iliyotia nanga mtoni.

Aurora inakumbukwa zaidi kwa mzinga wake. Ilipiga mara moja, kama saa 3:40 usiku, na ilipiga baruti tupu. Picha za baadaye za umati mkubwa ukilivamia jumba kwa kishindo zimetiwa chumvi. Ndani mlikuwa na walinzi wachache waliochoka, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vya kijeshi na kikosi cha wanawake, na wengi wao walikuwa wameshaondoka kwa njaa na kukata tamaa. Mawaziri walikamatwa mezani baada ya saa nane za usiku. Wakati huohuo, katika jengo la Smolny, Mkutano wa Pili wa Masovieti, yaani mabaraza ya wafanyakazi na askari, ulikuwa ukiendelea, na usiku uliofuata ukapitisha amri mbili: ya amani na ya ardhi.

Kuteka mji lilikuwa jepesi. Kuendesha serikali kukawa shughuli nyingine kabisa. Makarani wa Benki ya Taifa waligoma: wakagoma si kwa silaha bali kwa funguo, na Baraza la Makamishna wa Umma, yaani serikali mpya, likakaa siku kadhaa bila hela ya kulipa hata matumizi madogo. Chama cha wafanyakazi wa reli nacho kikatoa onyo: vyama vyote vya kisoshalisti visipounda serikali ya pamoja, treni zitasimama. Onyo hilo liliwatia Wabolsheviki hofu kuliko Wakosaki, wapanda farasi wa Kerensky, na nadhani walikuwa sahihi. Wakosaki wale walikuwa mamia tu, wakashindwa kwenye vilima vya Pulkovo tarehe 12. Kerensky akatoroka akiwa amevaa nguo za baharia. Moscow ilipigana hadi tarehe 15. Lakini treni zikisimama siku tano, Petrograd haili. Lenin akakubali mazungumzo, mazungumzo yakaburutwa, na hali ya mambo ilipoimarika upande wake yakafa.

Silaha kali zaidi ya serikali mpya ilikuwa kabati la nyaraka. Trotsky, Kamishna wa Mambo ya Nje, alikuta katika wizara yake mikataba ya siri ambayo Tsar alitia saini na Uingereza, Ufaransa na Italia: nani apewe Constantinople, nani apewe pwani ipi ya Adriatiki, Waarabu wa Sham na Iraki wagawanywe vipi. Tarehe 23 Novemba magazeti ya Petrograd yakaanza kuichapa. Siku tatu baadaye gazeti la Manchester Guardian likawa nayo kwa Kiingereza. Waarabu waliokuwa wakipigana bega kwa bega na Waingereza dhidi ya Waturuki wakaja kujua kwamba ardhi waliyoahidiwa ilikuwa imeshachorewa mistari na Sykes wa Uingereza na Picot wa Ufaransa tangu mwaka 1916.

Hapo ndipo tunapokutana na karatasi nyingine ya mwezi huo. Tarehe 2 Novemba, Arthur Balfour, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alimwandikia Lord Rothschild, kiongozi wa Wayahudi wa Uingereza, barua. Kiini chake ni sentensi moja yenye maneno 67 ya Kiingereza: serikali inatazama kwa kibali kuanzishwa Palestina makao ya kitaifa ya watu wa Kiyahudi, kwa sharti kwamba haki za kiraia na za kidini za jumuiya zilizopo zisizo za Kiyahudi zisidhuriwe. Sentensi hiyo ilipigwa msasa kwa miezi. Walibishana juu ya neno moja moja, kwa mfano kama Palestina yenyewe ndiyo iwe makao au makao yawe ndani ya Palestina. Edwin Montagu, waziri wa mambo ya India na Myahudi mwenyewe, aliipinga kwa nguvu. Someni tena upande wa pili wa sentensi: Waarabu, ambao walikuwa takriban tisa kati ya kila wakazi kumi, hawakutajwa kwa jina, na haki zao za kisiasa hazimo.

Kwa nini barua hiyo iandikwe wiki ile? Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja inahusu mada yetu. London ilitarajia kwamba Wayahudi wa Urusi, wakisikia ahadi hiyo, wangesaidia kuizuia Urusi isijitoe vitani. Barua ilichapishwa magazetini tarehe 9. Serikali iliyotakiwa kushawishiwa ilikuwa imeanguka tarehe 7. Habari ilifika kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.

Kuna mkia wa habari hii unaotugusa. Mwaka 1903 Uingereza ilikuwa imewapa viongozi wa Kizayuni, yaani harakati ya Wayahudi ya kutafuta nchi yao, ardhi ya kufikiria katika Afrika Mashariki. Mpango ule huitwa "wa Uganda", jina la kupotosha, kwa kuwa ardhi yenyewe ni uwanda wa Uasin Gishu, pale ilipo Eldoret leo. Waliukataa mwaka 1905. Waziri Mkuu wa Uingereza pendekezo lilipotolewa? Balfour huyuhuyu. Na Wanandi na wenzao wa uwanda ule hawakuulizwa zaidi ya walivyokuja kuulizwa Wapalestina.

Ahadi ni karatasi. Kilichoipa uzito ni bomba la maji. Jeshi la Jenerali Allenby lingefikaje Palestina, likipita jangwa la Sinai? Kwa reli iliyotandikwa mchangani kutoka Mfereji wa Suez, na kando yake bomba lililoleta maji ya Nile yaliyochujwa, pamoja na maelfu ya ngamia na vibarua wa Kimisri walioingizwa kazini, wengi bila hiari. Hata hivyo, mbele ya mwisho wa bomba, farasi hawanywi ahadi. Tarehe 31 Oktoba ilibidi Beersheba itekwe kabla giza halijaingia, visima vikiwa vizima, la sivyo wapanda farasi warudi nyuma kunywesha. Waaustralia wa jeshi hilo wakauvamia mji jua likizama. Gaza ikaangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 7, siku ileile ya Petrograd. Jaffa tarehe 16.

Ulaya nitapita haraka, isipokuwa sehemu moja. Italia ilikuwa imevunjwa Caporetto tangu tarehe 24 Oktoba. Kufikia karibu tarehe 10 Novemba jeshi lake lilikuwa limerudi hadi Mto Piave, madaraja yamelipuliwa nyuma yake, mateka zaidi ya robo milioni. Ujerumani na Austria zilisimama hapo kwa sababu ya kawaida: walikuwa wamekimbia mbele kuliko mikokoteni yao. Ubelgiji, mapigano ya Passchendaele yalikoma tarehe 10, matopeni. Ufaransa, Clemenceau, mzee wa miaka 76, akawa Waziri Mkuu tarehe 16.

Sehemu ninayotaka tuikazie macho ni Cambrai, kaskazini ya Ufaransa, Jumanne ya tarehe 20. Waingereza walileta vifaru 476, kati yao 378 vya kupigana na vingine vya kubeba vifaa. Kila kifaru kilikuwa na uzito wa kama tani 28. Kikwazo chao kilikuwa handaki la Wajerumani, pana kiasi kwamba kifaru kingeingia pua chini na kukwama. Dawa yake ilikuwa tita. Mnajua tita la kuni. Hili lilikuwa tita la fito, matita mengi madogo yaliyokazwa kwa minyororo hadi likawa na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, likapandishwa juu ya kifaru. Kifaru kikifika ukingoni, kinalitupa handakini, kinapita juu yake. Kifaru cha pili kinafuata njia hiyohiyo na kutumia tita lake handaki linalofuata.

Hesabu yake mmeshaiona: kifaru kimoja, tita moja. Likishatupwa, halirudi. Mistari miwili ya mahandaki mnavuka. Ya tatu mnaomba Mungu. Mizinga nayo ilitumia mbinu mpya. Kwa kawaida mizinga ilipiga kwanza risasi za kujaribu, na adui akajua siku inakuja. Safari hii kila mtutu ulipimwa kasi yake mapema, ikapigwa hesabu ya ramani, upepo na joto la hewa, kisha mizinga kama elfu moja ikafunguka kwa mpigo alfajiri bila onyo. Walisonga kama kilomita nane kwa siku moja, umbali ambao Passchendaele uliwachukua zaidi ya miezi mitatu.

Jioni ile vifaru 179 vilikuwa havifanyi kazi tena. Kati yake 65 vilipigwa na mizinga, 43 vilikwama mashimoni, na 71 viliharibika vyenyewe. Yaani mashine iliangusha vifaru vingi kuliko adui. Huko Masnières kulikuwa na daraja la mfereji ambalo wapanda farasi walilitegemea; lilikuwa limeshategwa na kudhoofishwa, kifaru kikapanda, daraja likaenda chini pamoja nacho. Kengele za makanisa zikapigwa Uingereza tarehe 23 kushangilia. Tarehe 30 Wajerumani wakageuza kibao na kurudisha sehemu kubwa ya walichopoteza. Hakukuwa na vifaru vya akiba, wala askari wapya wa kutosha wa kushika ardhi iliyotekwa.

Sasa turudi nyumbani, na hapa naomba tukae kitako.

Mwanzoni mwa Novemba Lettow-Vorbeck alikuwa amebanwa kusini mashariki ya Tanzania ya leo. Katikati ya Oktoba, Mahiwa, kusini magharibi ya Lindi, alikuwa amewapiga Waingereza pigo zito katika mapigano ya siku nne, lakini ushindi ule ulimla. Risasi zake zisizo na moshi zilikaribia kuisha. Zilizobaki nyingi zilikuwa za bunduki kuukuu za mfano wa mwaka 1871, ambazo kila ukipiga unatoa wingu la moshi na kumwonyesha adui ulipolala. Kwinini ya Wazungu ilibaki ya kama mwezi mmoja. Tarehe 17 Novemba, Nambindinga, alikata shauri: majeruhi, wagonjwa na wasioweza mwendo wabaki watekwe, yeye aende na Wazungu wapatao 200 au 300, askari kama 2,000, na wapagazi kama 3,000, pamoja na wake na watoto wa askari ambao hesabu za kijeshi huwasahau. Akapita Kitangari, akapita Newala, akateremka Ruvuma.

Berlin hawakujua hayo. Huko walikuwa na mpango wao. Zepelini L59 ilikuwa imekatwa katikati na kurefushwa kwa mita 30 ili ibebe zaidi, mifuko yake ikajazwa haidrojeni mita za ujazo 68,500. Mita moja ya ujazo ya haidrojeni hunyanyua kitu cha kilo moja na kidogo. Ondoeni uzito wa meli yenyewe, mafuta, maji na watu 22, ikabaki nafasi ya mzigo wa tani 15 hivi. Ndani yake: risasi zaidi ya 311,000, bombomu 30 (ndivyo askari walivyoziita bunduki za Maxim), mikanda yake, na magunia ya dawa na bandeji.

Haikuwa na tikiti ya kurudi. Haidrojeni ya kuijaza upya isingepatikana popote Afrika Mashariki, kwa hiyo meli yote ilikuwa mzigo. Kitambaa cha kuifunika kilikusudiwa kuwa mahema na nguo, mifupa yake ya alumini mlingoti wa redio, ngozi iliyotandikwa kwenye njia ya ndani iwe soli za viatu. Mafundi wa zepelini walimfikiria askari wa Umakonde hadi kwenye nyayo, sijui kama yupo mwingine aliyefanya hivyo mwaka ule.

Ilijaribu kuondoka mara mbili ikarudi; mara moja askari wa Kituruki waliipiga risasi wakidhani ni ya adui. Tarehe 21 ikafaulu. Ilipita Uturuki, Bahari ya Mediterania na dhoruba yake. Kwa sababu ya radi waya wa redio ulikunjwa ndani, na amri za kuirudisha zilizotumwa wakati huo hazikupokewa. Tarehe 22 ikaingia jangwani.

Jangwa ndilo lililokuwa mwalimu mkali. Mchana jua lilipasha gesi, gesi ikapanuka, vali zikaitoa nje, meli ikapoteza haidrojeni ambayo isingerudi. Usiku hewa ikapoa, gesi iliyobaki ikasinyaa, meli ikawa nzito ghafla na kuanza kuporomoka. Dawa ni kumwaga farumi, uzito wa kusawazisha chombo, ambayo hapa ni maji, na farumi nayo inaisha. Hewa ya mchana juu ya mchanga wa moto iliipandisha na kuishusha meli kama jahazi kwenye mawimbi ya kusi. Mabaharia waliozoea bahari wakatapika, wengine wakaona vitu visivyokuwapo. Kisha sanduku la gia za injini ya mbele likapasuka. Injini hiyo ndiyo iliyokuwa ikizalisha umeme wa redio ya kutuma. Kuanzia hapo L59 iliweza kusikia tu, kusema haikuweza.

Usiku wa manane kuamkia tarehe 23, ikiwa magharibi ya Khartoum, ikasikia: rudi, adui ameshika sehemu kubwa ya nyanda za Wamakonde, Kitangari imeshachukuliwa. Kapteni Bockholt aligeuza meli. Baada ya vita palizuka hadithi kwamba ujumbe ule ulibuniwa na Waingereza. Inapendeza kuisimulia, lakini amri ilitoka Berlin kwenyewe. Njiani kurudi, gesi iliposinyaa juu ya milima ya Uturuki, sehemu ya risasi na dawa zikatupwa ili meli isigonge. Ilitua ikiwa imesafiri kilomita 6,757, na bado ina mafuta ya zaidi ya siku mbili.

Sasa fanyeni hesabu hii nami. Tani 15, mpagazi mmoja akibeba kilo 25, ni wapagazi 600. Ndiyo thamani ya safari ile yote: msafara mmoja wa wapagazi 600. Na siku L59 ilipotua Bulgaria, Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma karibu na Ngomano, pale Mto Lugenda unapoingia. Ng'ambo palikuwa na kambi ya Wareno kama 900 chini ya Meja Teixeira Pinto, waliokuwa wakitazama mtoni wakati Wajerumani wakizunguka kwa nyuma. Pinto aliuawa. Wavamizi wakaondoka na bunduki za kutosha nusu ya kikosi chao, bombomu sita, na risasi zipatazo 250,000. Karibu kiasi kilekile cha risasi ambacho zepelini ilishindwa kukileta, walikiokota ufukweni ndani ya saa chache.

Kapteni Theodor Tafel hakuwa na bahati hiyo. Alitoka Mahenge na kikosi chake kuja kuungana na Lettow-Vorbeck. Walikosana kwa umbali wa siku moja au mbili za mwendo, kila mmoja bila habari za mwenzake. Hapakuwa na simu, hapakuwa na redio, na nchi ilikuwa imeshaliwa. Tarehe 28 Novemba Tafel alisalimu amri akiwa na askari zaidi ya elfu moja. Njaa ndiyo iliyomteka.

Nimetaja wapagazi mara kadhaa kama vile ni kipimo cha uzito. Waliwafanya hivyo. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Malori yalizama matopeni masika. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Mtu akibeba kilo 25 za unga na kula kilo moja kwa siku, akitumwa mwendo wa siku 10, atakula kilo 10 kwenda na kilo 10 kurudi. Kinachomfikia askari ni kilo tano. Ongezeni mwendo uwe siku 12 na nusu, hakifiki kitu. Mpagazi amebeba chakula chake mwenyewe. Jeshi lina njia mbili za kukwepa hesabu hiyo. Ya kwanza ni kuongeza watu, na ndiyo maana mwaka 1917 Kenya ya leo ilisombwa vijana kijiji kwa kijiji. Ya pili ni kumpunguzia mpagazi posho, hasa ya kurudi. Zote mbili zilitumika.

Posho yenyewe iliua. Watu waliozoea ndizi, mtama au mchele walipewa unga wa mahindi uliosagwa kwa ukali, tena jioni, mvuani, bila sufuria za kutosha wala kuni kavu. Anayejua kusonga ugali anajua unga mbovu usioiva unavyofanya tumbo. Kuhara damu kuliua kuliko risasi. Uingereza pekee iliwatumia wapagazi na vibarua wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na hesabu zake rasmi zilikubali vifo karibu 95,000. Ugogo, majeshi ya pande zote yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana, kisha mvua ikakosa; njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya.

Lettow-Vorbeck alizunguka Msumbiji miezi kumi, akarudi Tanganyika, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Habari ya kusimamishwa kwa vita ya tarehe 11 Novemba 1918 ilimfikia siku mbili baadaye kwenye karatasi alizokutwa nazo mjumbe wa Kiingereza mwenye pikipiki. Akaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili tangu siku ya Ngomano.

Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao Dar es Salaam ikageuka kuwa mtaa, ulimi wa Kiswahili ukalichukua jina, likawa Kariakoo. Nairobi likawa Kariokor. Mishahara ya maelfu ya waliokufa bila kuichukua ilibaki kwenye vitabu vya malipo, na kwa miaka kadhaa baada ya vita Nairobi na London zikaandikiana barua juu ya nani akae nayo.